Toa pumzi, kanyaga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nilikuwa niendelee na lile somo letu la Warumi lakini wiki hii moyo wangu umeshikwa na jambo lingine kabisa, mtanivumilia.

Wengi mnajua habari ya mguu wangu, ile ajali ya bodaboda, paja likavunjika wakaweka chuma ndani. Sasa picha ya eksirei imetoka, daktari kaangalia kasema mama mfupa umeunga vizuri, anza kukanyaga, tena usiogope kuulemea kidogo kidogo manake mfupa unapata nguvu kwa kubeba uzito na misuli ikikaa bila kazi inanywea. Nikasema amen, nikashukuru. Nafika kwa mtu wa mazoezi, pale wana ngazi za mbao fupi tu zina vishikio huku na huku, nikasimama mbele yake, mwili mzima ukagoma. Na hapo mguu wala hauumi. Ni hofu tupu, yaani nasikia kabisa ule mlio wa siku ile.

Yule kijana wa mazoezi hakunihimiza. Aliweka kiganja mgongoni kwangu pale mbavu zinapoishia, akanyamaza, halafu akasema, "Mama, umebana pumzi."

Kweli nilikuwa nimebana. Mabega yamepanda, meno yameumana, kile kishikio kimelowa jasho la mikono yangu. Akanieleza taratibu kwamba mtu akiogopa anapumulia juu juu kifuani au anazuia kabisa, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na msuli uliokaza unauma zaidi, ukiumia unaogopa zaidi, basi inakuwa mzunguko. Tena ukibana pumzi huku unajikakamua presha inapanda ghafla. Akasema vuta kwa pua tumbo lijae, hesabu nne, halafu toa kwa mdomo polepole kama unapoza uji, hesabu sita, na mguu ukanyage wakati unatoa, sio wakati unavuta. Kule kutoa polepole ndo kunatuliza mapigo ya moyo.

Wapendwa, mimi zile namba zilinipotea palepale kwa woga. Kilichokuja ni Zaburi 56:3. Nikavuta pumzi nikisema moyoni "Siku ya hofu yangu", nikatoa nikisema "nitakutumaini Wewe". Na mguu ukashuka kwenye mbao pale kwenye "nitakutumaini". Nikarudia. Kipandio cha pili, siku ya hofu yangu, nitakutumaini Wewe. Nilikuwa nalia lakini napanda.

Nimekaa na mstari huo wiki nzima. Daudi alikuwa mikononi mwa Wafilisti kule Gathi alipoyasema hayo, hofu yake ilikuwa na sababu, na hakuificha mbele za Mungu, aliitaja kwa jina lake na katika siku ileile akatumaini. Kwa hiyo wewe uliyetoka wodini, unayeogopa kuinuka kitandani, unayeogopa kukohoa usije ukafumua kidonda, usijione umemkosea Mungu. Yeye anatujua umbo letu, anakumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi. Na mavumbi hayo aliyapulizia pumzi ya uhai puani, pumzi yako ilianzia kwake. Ukiivuta kwa utulivu huku unamtaja, unamrudia aliyekupa.

Dada mmoja aliniuliza, haya mambo ya kupumua si ya yoga? Nikamjibu mpendwa, Ayubu 33:4, "pumzi za Mwenyezi hunipa uhai". Hatuwezi kumwachia mtu mwingine kitu ambacho Mungu mwenyewe katupulizia. Mimi pale kwenye ngazi nilimwita Yesu.

Sasa nina neno la kukemea na nalisema kwa upendo. Kuna watu wa kanisani walikuja kuniona wakaniambia tupa hayo magongo, mwenye imani hatembei na magongo. Jamani tuache! Mmeisoma Matendo 3 mkaishia kwenye kurukaruka. Petro alimshika yule kiwete mkono wa kuume akamwinua, hakusimama mbali akampigia kelele. Na mfalme Hezekia alipougua je? Bwana alishamwambia nitakuponya, ahadi imeshatoka, bado nabii Isaya akasema twaeni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Tini hazikuipunguza ahadi, na magongo hayaipunguzi. Mtu akitupa gongo kwa aibu ya kuonekana hana imani halafu akaanguka, ile hofu inarudi mara mbili na nyie mmeshaondoka.

Wengine mnakuja na habari za fulani aliyekatwa mguu, mnazisimulia palepale kitandani kwa mgonjwa! Na wengine, hasa sisi akina mama, kwa huruma tunamfanyia kila kitu, kaa tu usiinuke, nitakuletea, mpaka viungo vinakakamaa na hofu inaota mizizi. Aliyepasuliwa tumbo anatakiwa avute pumzi nene na kukohoa, akumbatie mto pale kwenye mshono, manake makohozi yakikaa mapafuni yanaleta nimonia. Usimwambie atulie tu. Msaidie kushika mto.

(Ila mtu akibanwa pumzi ghafla, kifua kinauma au mguu umevimba upande mmoja, hapo hakuna zoezi la kupumua, ni hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.)

Kwa hiyo naomba hivi wiki hii. Jumuiya yetu ina wagonjwa waliorudi nyumbani, tunawajua. Ukienda, salimia, omba, lakini usiombe ukaondoka. Mwulize umepewa zoezi gani. Kaa upande wa mguu mgonjwa, mkumbushe kupanda anatangulia mguu mzima na kushuka anatangulia mgonjwa, na ukiona mabega yanapanda mwambie mama, au kaka, toa pumzi. Mkiweza itajeni hiyo Zaburi pamoja, nusu kwa kuvuta, nusu kwa kutoa. Asipoweza leo msimsukume, rudini kesho. Na mwenye nafasi Alhamisi asubuhi anisindikize mazoezini, manake safari hii tunaanza kushuka na hapo naogopa zaidi.