Fidi pampu ya umeme kwenye Fuso la zamani? Pima kwanza

Lori la dizeli likikosa nguvu mlimani na kusumbua kuwaka asubuhi, gereji nyingi zitakwambia ung'oe fidi pampu, ile inayovuta dizeli kutoka tangini, ufunge ya umeme. Kwa Fuso na Isuzu za zamani zenye injekta pampu (inayopeleka dizeli kwenye silinda kwa presha kubwa) ya mstari, usikimbilie huko.

Fidi pampu ya pistoni iliyofungwa ubavuni mwa injekta pampu huendeshwa na kamshafti ya humo ndani. Kamu hubana springi, na springi ndiyo inayosukuma dizeli. Presha ikitosha, pistoni husubiri, kwa hiyo inajidhibiti bila waya wala fyuzi. Ikichoka, mara nyingi ni vali zake mbili ndogo, oringi ya pampu ya mkono, au wavu uliomo kwenye bolti ya kuingizia mafuta umeziba. Wavu huo mafundi wengi hata hawaufungui.

Kabla ya kununua chochote, unganisha kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya tangi na fidi pampu. Ukiona viputo, gari linavuta upepo: kagua mipira na washa za kopa. Pampu ya umeme ikifungwa karibu na tangi itageuza tu ugonjwa huo. Upepo hautaingia tena, ila dizeli itaanza kudondoka njiani.

Kisha weka geji ya presha kati ya filta na injekta pampu, upakie mzigo, upande mlima. Mlima Kitonga wa Iringa unatosha kabisa! Vipampu vya umeme vya bei rahisi vya mraba, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kabureta za injini za petroli, hutoa takriban bar 0.3 hadi 0.5. Injekta pampu ya mstari inataka zaidi ya bar 1, kwa hiyo gari litanguruma vizuri uwanjani na kulegea likibeba tani zake.

Oili ikiongezeka kwenye dipstiki na kunuka dizeli, huenda kijiti kinachosukuma pistoni kimelika. Hapo badilisha fidi pampu nzima. Ukiiacha na kuisaidia kwa umeme, utazidi kusukuma dizeli kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Injekta pampu za mzunguko aina ya VE ni habari nyingine: zina pampu ya kuvuta ndani yake, na ile presha ndogo inazitosha. Ukizidisha, unaweza kupasua sili ya shafti.

Ukiamua umeme, ifunge chini karibu na tangi, filta ya awali ikitangulia. Tumia rilei, fyuzi, na swichi ya presha ya oili ili injini ikizima pampu nayo izime. Mpira ukipasuka kwenye ajali, pampu isiyozimika itamwaga tangi lote. Lori la volti 24 lipewe pampu ya volti 24. Kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili ni kuiua hiyo betri, huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi.

Dodge Ram za Marekani za 1998 hadi 2002, zenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na injekta pampu ya VP44, zilitoka kiwandani na fidi pampu ya umeme. Ilipokufa kimyakimya, VP44 iliendelea kufanya kazi na njaa hadi ikaharibika, kwa sababu dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Kwa hiyo ukifunga ya umeme, ile geji ya majaribio iache hapo hapo, na sura yake ielekee dereva.