Godoro lililorudi

Godoro lile lilikuwa na maua ya buluu na alama ya pasi. Kuna siku mtu alisahau pasi ya moto juu yake, nayo ikaacha umbo lake, ncha na yote. Nililipakia kwenye lori langu mwanzoni mwa Agosti 2022. Lilikuwa limeshiba matope, na tulilinyanyua watu wanne. Miezi mitatu baadaye, mvua zilipochachamaa tena, utingo wangu alinipigia alfajiri: "Bosi, njoo na kamba, kalavati la huku kwetu limeziba, maji yanaingia ndani." Nikaenda. Tukaingia majini hadi kiunoni, tukafunga kamba, lori likavuta. Kilichotoka kwanza kilikuwa kile kitambaa cha maua ya buluu. Alama ya pasi bado ilikuwa inaonekana.

Ni mimi niliyelileta pale. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwa wasioijua Mbale, mashariki mwa Uganda: mji umekaa chini ya Wanale, na Wanale ni bega la Mlima Elgon. Mvua ikinyesha huko juu, sisi huku tunasikia mto kabla ya kuona tone. Usiku wa Jumamosi tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilitoka kwenye kingo zake. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mabomba ya maji yalikatika, na kwa siku kadhaa tulikuwa na maji kila mahali isipokuwa ya kunywa. Sitaeleza usiku wenyewe, walioupitia wanaujua. Mimi nataka kusema kuhusu Jumatatu yake, na wiki zilizofuata, ambazo hakuna mpiga picha aliyekuja kuziona.

Jumatatu watu walianza kutoa vitu nje. Magodoro, makabati ya mbao zilizovimba, magunia ya mahindi yaliyoanza kuchacha, mabati, friji, betri za sola, madumu, nguo zisizo na mwenyewe, kuku waliokufa, na matope juu ya kila kitu. Kavera nazo, yaani mifuko ya plastiki, kavera zisizohesabika. Mimi kazi yangu ni mchanga na matofali. Lori langu ni Elf ya zamani. Wiki ile hakuna aliyetaka mchanga. Hajati mmoja mwenye duka la nguo akaniita: "Mwanangu, nitolee uchafu huu, nitakupa ya mafuta." Jirani yake akasikia, na wa pili, na wa tatu. Nikapiga safari 21 kwa siku sita.

Nilimwaga wapi? Kwenye bonde moja nje ya mji, pembeni ya kijito, mahali ambapo madereva wengine nao walikuwa wakimwaga. Hakuna aliyenionyesha mahali pengine, na mimi sikuuliza. Niliona bonde, nikaona shimo kubwa la bure. Sikujiuliza kile kijito kinashukia wapi. Kinashukia kwa utingo wangu.

Baada ya siku ya kalavati sikulala vizuri. Nilimtumia ujumbe wa sauti dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Houston, kule Marekani. Nilikumbuka kwamba mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipozamisha mji wao, alipata kibarua cha miezi michache kwenye mambo ya taka. Sisi hapa vimbunga hatuna. Tuko karibu mno na ikweta, na vimbunga vya bahari haviwezi kujisokota hapa. Lakini vilivyobaki Houston baada ya maji kushuka ni vilevile: godoro, kabati, zulia, friji, matope. Nikamwuliza, nyinyi mlivipeleka wapi?

Akacheka kidogo, halafu akaniambia kibarua chake kilikuwa kusimama juu ya mnara.

Mnara wa mbao, mrefu kupita lori, kwenye lango la uwanja wa kupokelea taka. Kila lori lililofanya kazi ile lilikuwa limepimwa kwanza: urefu, upana, kina cha bodi, na ujazo wake ukaandikwa kwenye kibao ubavuni, pamoja na namba ya lori. Lori likifika, dada yangu anachungulia ndani kutoka juu, anasema asilimia 70, au 85, inaandikwa kwenye tiketi, dereva anapita. Dereva analipwa kwa ujazo. Matawi yakipakiwa ovyo yanajaza hewa tu, na dereva mjanja anaweza kuuzia serikali hewa. Ndiyo maana mtu anakaa juu. "Kaka," akaniambia, "walinitukana kila siku, ila bila tiketi ile hakuna anayejua lori limetoka wapi na limemwaga wapi."

Hapo ndipo nilipokaa kimya. Safari zangu 21 hakuna aliyeziandika popote. Hata mimi nazikumbuka kwa sababu ya risiti za dizeli.

Nilishuka uani nikapima Elf yangu kwa futi kamba. Urefu mita 3, upana mita 1.7, ubao wa pembeni sentimita 40. Hiyo ni mita za ujazo 2 na ushei, ikiwa umesawazisha juu. Kimbunga Katrina, kilichopiga kusini mwa Marekani mwaka 2005, kiliacha kifusi na taka zaidi ya mita za ujazo milioni 75. Kwa Elf yangu hizo ni safari kama milioni 37. Niliandika hesabu hiyo kwenye boksi la sigara nikaiangalia muda mrefu.

Kabla ya lori kufika, kazi inaanzia mlangoni kwa mtu. Houston waliambiwa wavitoe vitu hadi ukingoni mwa barabara, na wavitenge kwa marundo: matawi na magogo peke yake, mbao, kuta na mazulia peke yake, friji na majiko peke yake, televisheni na vya umeme peke yake, rangi, dawa na betri peke yake. Rundo lisikae chini ya nyaya za umeme, kwa sababu lori linalookota lina mkono wa chuma wenye makucha, na mkono huo ukigusa waya ni balaa. Lisizibe mtaro. Nilipolisikia hilo la mtaro nilimwomba arudie.

Kila rundo lina njia yake. Matawi yanasagwa na mashine, na yakishasagwa hubaki kama robo ya ujazo wake wa mwanzo, yanatandazwa mashambani na kwenye bustani. Au yanachomwa ndani ya shimo ambalo feni kubwa inapuliza hewa juu yake kama pazia, moshi ukarudishwa motoni, na kinachobaki ni majivu kidogo. Friji ndizo zilizonigusa. Baada ya Katrina, watu wa New Orleans walirudi nyumbani wiki kadhaa baadaye, umeme ulikuwa umekatika siku zote hizo, na nyama imeoza ndani. Walifunga milango kwa utepe mpana wa kunata, wakazitoa nje zikiwa zimefungwa. Zilikuwa maelfu kwa maelfu, zimepanga mstari barabarani. Zinakusanywa, mafundi wananyonya gesi kwanza, chakula kinatolewa, ndipo chuma kinauzwa. Mimi friji tatu nilizisukuma bondeni na gesi yake na kila kitu chake.

Sisemi wenzetu wamemaliza. Mji huohuo wa New Orleans, mwaka 2006, ulifungua dampo la haraka la kifusi cha Katrina karibu na mtaa wa Wavietnam upande wa mashariki. Wale watu walikuwa ndio kwanza wanarudi kujenga upya, wanaletewa mlima wa taka za mji mzima karibu na bustani zao za mboga. Waliandamana, wakapaza sauti, na mwezi wa nane mwaka uleule likafungwa. Nawaheshimu sana. Taka za dhoruba hutafuta mtu asiye na sauti zikae kwake, kama maji yanavyotafuta bonde. Sisi tumeona Kiteezi. Dampo la Kampala lililoanza 1996 likapandishwa na kupandishwa, na Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, likaporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya 30 walifukiwa. Mbale tulilia nao, maana kifo cha matope tunakijua.

Kinachoniuma ni kwamba mambo mengi ya dada yangu hayahitaji hela za Marekani. Kutenga marundo hakuhitaji mashine. Hapa mabati na friji haviwezi kulala nje usiku mmoja kama wauza skrepu wamepewa nafasi navyo. Mbao zikikaushwa ni kuni. Matope matupu, yasiyo na kavera, mafundi matofali wangeyachukua, na mwenye kiwanja chenye shimo angeyaomba. Kinachobaki ni magodoro, nguo, kavera na betri, na hivyo ndivyo vya kutafutiwa mahali. Lakini mahali hapatafutwi siku Hajati anapolia mlangoni. Siku hiyo dereva anamwaga pa karibu. Mimi najua.

Kwa hiyo mwezi uliopita tulikaa madereva tisa kwenye stendi yetu ya mchanga. Nikawaeleza habari ya mnara, wakacheka, kisha nikawaeleza habari ya godoro, hawakucheka. Mzee mmoja kati yetu, aliyeendesha njia ya Mombasa tangu mimi nikiwa mtoto, akasema anajua kiwanja kilichoinuka, mbali na mto, lori linaingia bila kukwama hata mvua ikinyesha. Tulikwenda na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, tukakipima kwa hatua: 60 kwa 40. Kinatosha marundo matano na njia ya kugeuzia. Daftari la tiketi nimeshanunua, la karatasi zenye nakala, na kila mmoja wetu ameandika ujazo wa bodi yake kwa rangi nyeupe ubavuni. Yangu inasema 2.0.

Mwenye kiwanja hajakubali bado. Anaogopa kwamba taka zikiingia hazitatoka, na kwa yaliyotokea Kiteezi siwezi kumlaumu. Ijumaa baada ya swala nitarudi kwake na yule mzee, na utingo wangu atakuja pia, amweleze maji yalifika wapi kwenye ukuta wa nyumba yake.