Kuomba Nako Kunataka Pumzi

Jumapili, usiku

Miguu imeshakubali. Mbio ndefu ya leo imekwisha nikiwa bado naweza kusema sentensi nzima bila kukatika, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko saa yoyote ya mkononi: ukishindwa kuongea kwenye mbio ndefu ya mazoezi, ujue umekwenda kasi mno. Kinachonitoa jasho sasa ni simu. Nafungua jina la mtu niliyesoma naye, naandika "Habari za siku nyingi", halafu nafuta. Mara ya mwisho kusalimiana ilikuwa mwaka mpya. Leo nimjie na habari za siku nyingi, na sote wawili tujue kabisa kwamba habari hizo zina mkia.

Mbio zenyewe ni nusu marathoni, na michango tunayoomba ni kwa ajili ya nauli za wagonjwa wa figo. Watu wengi hushangaa kusikia nauli. Wanatarajia mashine, dawa, jengo jipya lenye utepe wa kukatwa. Lakini mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa na anasafishwa damu kwa mashine kituoni, kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kitini takriban saa nne. Piga hesabu: safari 156 za kwenda kwa mwaka, na nyingine 156 za kurudi. Hata pale ambapo matibabu yamelipiwa, anayetakiwa kufika ni yeye, na mara nyingi anahitaji wa kumsindikiza, kwa sababu mtu hutoka pale amelegea.

Ratiba yangu nayo ni ya mara tatu kwa wiki. Ni sadfa tu, ila imenikaa kichwani. Mimi nikiamka mwili mzito, naahirisha na hakuna linaloharibika. Yeye akiruka siku yake, maji na potasiamu hujikusanya mwilini, na moyo unaweza kusimama. Siandiki hivi ili nijione mvivu. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi na nitaendelea kupumzika. Naandika kwa sababu siku hizi kila nikifunga kamba za viatu, nafikiria pia kiti kile.

Shangazi ndiye aliyeniuliza swali ambalo kamati nzima ya mbio haijawahi kuniuliza. Nilimpigia, nikamweleza kwa kirefu, akanisikiliza hadi mwisho.

"Hebu nieleweshe, mwanangu. Hao wagonjwa wana shida ya nauli?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hela ya kukupa ninayo. Sasa wewe kukimbia kunaingiaje hapo? Nikikupa ukae nyumbani, nauli itapungua?"

Nikaanza maneno ya kuhamasisha jamii. Akanikatiza kwa upole: "Mimi ulishanihamasisha ulipotaja zile saa nne. Kukimbia ni kwako, kwa afya yako. Haya, nitatuma kesho." Na alituma.

Ana haki. Mgonjwa hafaidiki na jasho langu hata tone. Nimelifikiria jambo hili barabarani, ambako muda wa kufikiri ni mwingi, na jibu langu kwa sasa ni kwamba mbio zinamsaidia mwombaji kwanza. Zinanipa tarehe, na ombi lisilo na tarehe watu huliweka kiporo. Zinanipa pia uso wa kuombea: nakuja mbele yako nikiwa nimeshatoa kitu, usingizi wangu wa asubuhi na magoti yangu, ndipo nakuomba nawe utoe chako. Hilo halina thamani kwa mgonjwa, lakini bila hilo nisingethubutu kumpigia hata Shangazi.

Tatizo huanza pale mbio zinapommeza mgonjwa. Waandaaji walitupa ujumbe wa mfano wa kunakili na kusambaza. Ukiusoma, utakutana na mkimbiaji mwanzo hadi mwisho: changamoto yake, ndoto yake, umbali atakaoukabili. Wagonjwa wamewekwa mwishoni kabisa, karibu na namba ya kutumia fedha. Wenzangu wengi wa kikosi wameutuma ulivyo, na majibu waliyopata yanafanana: hongera, kila la heri, tupo pamoja, na vile vikaragosi vya mkono uliotunisha misuli. Siwalaumu waliojibu hivyo. Wameambiwa habari za mkimbiaji, nao wakampongeza mkimbiaji.

Wangu nimeuandika upya, mfupi, na ndani yake kipimo ni safari: mchango mmoja ni safari moja ya kwenda na kurudi kituoni. Basi. Tangu hapo watu wananijibu kwa lugha hiyohiyo. "Niandikie safari mbili." "Mwisho wa mwezi nitaongeza ya tatu." Mtu akiona kitu anachokinunua, hana haja ya kujiuliza kiasi gani kinatosha.

Wazo hilo sikulibuni. Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa mwaka 1977, alianza kukimbia kuivuka nchi yake kutoka mashariki tarehe 12 Aprili 1980, kwa mguu mmoja wake na mwingine wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku. Hesabu yake ilikuwa nyepesi mno: dola moja kwa kila Mkanada, ili utafiti wa saratani upate fedha. Nchi ilikuwa na watu milioni 24 hivi. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ilikuwa imeingia mapafuni, na tarehe 1 Septemba akasimama karibu na mji wa Thunder Bay. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Lakini kufikia Februari ya mwaka huo michango ilikuwa imevuka dola milioni 24, na hesabu yake ikatimia akiwa hai. Watu humkumbuka kwa ule mwendo wake wa kurukaruka, na ni sawa. Mimi safari hii nimeshikwa zaidi na ile dola moja. Hakuna aliyeambiwa atoe nyingi, na hakuna aliyeachwa nje.

Wapo pia wanaoahidi kwa kilomita: nikimaliza, wanalipa kwa kila moja. Nawapenda hawa kwa sababu wananisukuma, ila wana maswali. Jamaa mmoja wa uhasibu kazini amegundua kwamba nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, akaja mezani kwangu kuuliza kama zile mita za mwisho zinahesabiwa kilomita kamili au zinaachwa. Nikamwambia azihesabu kamili kwa ajili ya huruma. Akasema huruma haina safu kwenye vitabu vyake. Bado tunajadiliana.

Swali ambalo silichukulii mzaha ni hili: katika kila mchango, kiasi gani kinafika kwenye nauli na kiasi gani kinaishia kwenye fulana, medali na mahema? Niliwauliza waandaaji wanijibu kwa maandishi kabla sijamwomba mtu yeyote, na jibu lile ninalo, namtumia yeyote anayetaka. Ada ya kushiriki nimelipa mfukoni mwangu, na viatu pia. Kuna wanaosema kukata gharama za mkimbiaji kwenye michango ni jambo la kawaida. Huenda. Mimi siwezi kumwangalia Shangazi usoni nikijua safari zake zimegeuka raba zangu.

Mazoezi yenyewe sina mengi ya kusema. Moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache mtu anajiona shujaa. Kano na mifupa huchelewa, huhitaji miezi. Hapo katikati ndipo wanaoanza huumia, pumzi ipo lakini muundi haujawa tayari. Nilianza kuusikia muundi wa kushoto ukiuma nikigusa, nikashusha umbali kabla haijawa kesi. Wiki mbili za mwisho nitapunguza zaidi, na najua nitahangaika, maana mtu aliyezoea kukimbia akipumzishwa hujihisi mgonjwa wa kila kitu.

Kimya ndicho kigumu zaidi. Zile tiki mbili za buluu, kisha hakuna. Mwanzoni nilikuwa nazitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sasa nimejiwekea utaratibu: namkumbusha mtu mara moja tu, kisha namwacha, na nikikutana naye sitaji habari hizo hata kwa utani. Sijui mfukoni mwake mna nini. Wala sijui ameombwa na wangapi mwezi huu.

Ndiyo maana pia nimekataa kuweka orodha kwenye grupu, ile ya majina na kiasi ambayo kila anayetoa ananakili, anaongeza jina lake chini na kuirusha tena. Inaleta fedha haraka, nakubali, wala aliyeipendekeza hakuwa na nia mbaya. Lakini inaleta kwa njia ya aibu. Mchango mdogo kuliko yote niliopokea ulikuja na ujumbe mrefu wa kuomba radhi, mtu anajieleza kwamba hali si nzuri. Nimeusoma ujumbe ule nikajisikia vibaya, maana nani alimtaka maelezo? Jina lake likae kwenye orodha chini ya mtu aliyetoa mara hamsini, ili iweje?

Jioni hii, nikiwa najaza jedwali, imeingia simu ya jirani ambaye sikuwa hata nimemwomba. Kasikia kwa mkewe. Hela hana, amesema wazi, ila ana gari na Alhamisi zake ni nyepesi. Anaweza kumpeleka mgonjwa mmoja na kumrudisha, kila Alhamisi, hadi mwisho wa mwaka. "Hiyo nayo inahesabika, au mnataka fedha tu?"

Nimempa namba ya mratibu wa kituo wazungumze, kwa sababu mgonjwa naye ana haki ya kuchagua gari la nani apande. Kisha nikarudi kwenye jedwali langu lenye safu za jina, ahadi, na kilicholipwa, nikaongeza ya nne. Bado sijaipa kichwa. Kesho nitamwuliza jamaa wa uhasibu.