Siku Moja Maishani Mwangu: Kila Rika na Banda Lake

Watu wakisikia nachunga kuku huku Shinyalu, Kakamega, huniuliza usiku nafanya kazi gani, kwa sababu kuku akiona giza si huingia mwenyewe? Huingia, ndiyo. Lakini anaingia wapi, analala karibu na nani, na asubuhi utamkuta hai? Acha niwaelezee Alhamisi iliyopita.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshavaa gambuti. Ninazo jozi mbili: moja haitoki kwa vifaranga, nyingine ni ya mabanda mengine yote. Naanza na vifaranga, 120 wa siku tisa, kisha vijana 85 wa wiki tisa, kisha mitetea 60, halafu majogoo 15 wa kuuza. Sigeuzi mpango huo hata siku moja. Mtetea mzima anaweza kuwa na vijidudu vya koksidia tumboni na asionyeshe dalili, lakini kifaranga akivipata kupitia kinyesi kilichoganda kwenye kiatu changu, anaharisha damu na kufa. Chakula nacho hakichanganywi. Cha mitetea kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na kijana akikila kila siku figo zake zinaharibika.

Maji, chakula, kufagia, kugeuza maranda, mayai 41. Mpaka saa sita hakuna la kusimulia.

Saa nane nilikagua mabanda kabla mvua haijaja, maana huku kwetu mvua ya alasiri haina haja ya kubisha hodi. Wavu wa kawaida unamzuia kuku kutoka tu. Kicheche anaweza kumfikia kuku aliyelala kupitia matundu yale. Kwa hiyo chini nimezungusha wavu wa matundu madogo, nikauzika ardhini kiasi cha shubiri moja. Banda la mitetea lina fito tatu za mkaratusi, kila moja mita nne, zote kimo kimoja. Kuku mmoja anahitaji kama sentimita 20, kwa hiyo 60 wanatosha kabisa. Zamani fito zilipangwa kama ngazi, na kila jioni ilikuwa vita, kila mmoja anataka ya juu. Nilipozisawazisha, vita vikapungua. Fito ziwe juu kuliko viota, na viota vizibwe kwa gunia jioni, la sivyo mtetea analala humo na asubuhi mayai yamejaa kinyesi.

Sasa nije kwa mteja wa majogoo. Alinipigia saa nne asubuhi, akasema anakuja saa nane kuchukua majogoo kumi na wawili. Saa nane hakuna mtu. Saa kumi simu imezimwa. Mvua ikanyesha, ikapusa. Saa kumi na mbili na nusu, jua linazama, mitetea imeanza kupanda fito, ndipo boda ikaingia na tenga mbili.

Mwenye kuku hajui saa nyingine nyeti kama hiyo. Ni nusu saa tu. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo akikuta mlango umefungwa hangojei, anatafuta popote palipoinuka na kulala hapo hapo.

"Kijana wangu, nifungulie nichague mwenyewe."

"Mzee, karibu kiti. Nitakuletea mmoja mmoja, uwapime kwa mkono."

"Mimi nimeuza kuku kabla hujazaliwa. Fungua."

Viatu vyake vilikuwa na matope na manyoya ya sokoni. Kideri, ugonjwa unaoua kuku, hutembea hivyo hivyo, kwa viatu, kwa tenga, kwa mikono. Nikamwambia kwa heshima kwamba ndani haingii mtu na viatu vya soko, hata Mwalimu mwenye boma haingii. Akakasirika, akasema namfukuza. Nikatoa jogoo wa kwanza: mwepesi. Wa pili: mguu umepinda, na haukuwa umepinda. Wa tatu akamwachilia akakimbilia migombani, nikamfukuza huko dakika kumi. Tulikuwa tumepatana elfu moja mia moja kila mmoja. Sasa akataka elfu moja, eti yeye ndiye analipa boda. Nikampigia Mwalimu. Akaniambia, "Mwanangu, bei ni ile ile, asipotaka aende." Tukarudi kuhesabu. Na wakati huo wote nilikuwa namwona mwenye boda akiegemea mlango wa banda la vijana. Alikuwa ameusukuma ukajifunga, nami mikono yangu yote miwili imeshika majogoo.

Walipoondoka, pesa imeingia kwa simu, elfu kumi na tatu na mia mbili, giza lilikuwa limeshika.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipowasha tochi. Chini ya ukuta wa banda lao vijana walikuwa wamebanana rundo moja, kifua mgongoni. Hapo ndipo wanapokufa, wa chini wanakosa hewa. Wakiwa wadogo nilijaza pembe za banda kwa katoni ili pasiwe na kona ya kurundikana, na tangu watoke kwenye bruda, chumba cha joto cha vifaranga, nilikuwa nawabeba kila usiku, mmoja mmoja, nawaweka kwenye ufito wa chini mpaka miguu izoee kushika. Kazi ya wiki mbili. Nikaanza upya. Nilihesabu 71.

Tisa walikuwa juu ya mpera, wameloa. Kuku gizani hakimbii, unamchuma kama pera, mkono chini ya kifua, mwingine juu ya mabawa. Wanne walikuwa wameingia kwa mitetea. Mmoja wao alikuwa amedonolewa kichwani mpaka damu imeshikamanisha manyoya juu ya jicho. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikamlaza peke yake, kwa sababu kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Akabaki mmoja. Nilizunguka boma lote, nikakagua hata shimo la taka. Alikuwa kwenye kiota cha mwisho, kile ambacho sikuwahi kukiziba.

Nikadhani nimemaliza. Stima ikapotea.

Bruda ya wiki ya pili inataka joto la nyuzi kama 30, na usiku wa mvua hapa Shinyalu kuna baridi ya kuvaa sweta. Sauti ya vifaranga ilibadilika kabla sijafika mlangoni. Wakiwa na joto wanatoa mlio mwembamba kama wa kunong'ona. Wakiwa na baridi wanalia kwa nguvu, wote pamoja. Niliwasha jiko nje, nikangoja makaa yaive yawe mekundu, nikaliingiza na kuacha hewa ipite juu ya ukuta, maana hewa ya sumu ya makaa imewahi kumaliza vifaranga wa jirani wote usiku mmoja. Nikakaa humo kwenye debe. Wakirundikana nawatawanya kwa viganja. Wanarudi. Nawatawanya tena. Mgongo unauma, macho yanawasha, nami nawahesabu kwa sauti.

Stima ilirudi saa nane usiku. Walikuwa 120.

Sikulala hata kwa muda wa saa tatu. Majogoo watatu waliobaki wakawika, nikavaa gambuti za vifaranga.