Ninavyopita supamaketini na kiti cha magurudumu, njia zikiwa zimezibwa

Watu wengi hudhani kinachomsumbua mtu wa kiti cha magurudumu ndani ya supamaketi ni rafu za juu. Hizo zina dawa yake: unamwomba aliye karibu, anakushushia, unamshukuru, yanaisha. Kinachonikwamisha mimi kiko sakafuni. Ni maboksi yaliyorundikwa katikati ya njia yakisubiri kupangwa, ni troli iliyoachwa imekaa mshazari, ni stendi ya ofa iliyosimamishwa palepale kwenye kona. Mtu anayetembea huikwepa stendi hiyo bila hata kukumbuka baadaye kwamba aliikwepa. Mimi safari yangu inaishia hapo.

Nilianza kwa kutembea na magongo, baadaye nikahamia kwenye kiti, kwa hiyo nazijua njia hizi kwa hali zote mbili. Na ninaandika kwa sababu kuna mambo niliyoyapata kwa kuhangaika sana ambayo mwingine anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Nianze na vipimo, kwa kuwa ndivyo vilivyonitoa kwenye kulalamika vikanipeleka kwenye kudai. Kiti changu, kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi la pili, kina upana wa sentimita 65. Juu ya hapo weka mikono yangu inayosukuma, maana vidole na viwiko vinatokeza nje. Viwango vya Marekani vinavyotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 vinataka njia ya kupita isipungue inchi 36, yaani kama sentimita 91, na pa kugeuzia kiti pawe na duara la inchi 60, kama sentimita 152. Hata ukiwa unaishi mbali na Marekani, namba hizo zinakusaidia, kwa sababu miili yetu na viti vyetu havibadiliki kwa kuvuka mpaka. Nilinunua futi ya utepe ndogo ya mfukoni, nikaanza kupima. Nilichogundua ni kwamba karibu kila njia niliyopima, rafu kwa rafu, ilikuwa pana vya kutosha. Aliyejenga duka hakunikosea. Nafasi iliisha baadaye, siku hadi siku, kwa mikono ya wanaopanga bidhaa.

Njia ikizibwa mbele, kazi inayofuata ni kurudi nyuma, na hapa nataka asiyetumia kiti aelewe vizuri. Magurudumu madogo ya mbele yanazunguka kila upande. Ukienda mbele yanafuata mwelekeo wako kimya kimya. Ukianza kurudi nyuma yanapinduka kwanza, yakipinduka yanakivuta kiti pembeni kidogo, na pembeni pale kuna rafu ya chupa. Huoni kilicho nyuma yako. Unageuza shingo kushoto, unasukuma kidogo, unageuza kulia, unasukuma kidogo, huku kikapu kiko mapajani kinataka kuteleza. Nyuma ameshaingia mtu na troli yake, naye nyuma yake kuna mwingine. Sasa watu watatu wamekwama kwa ajili ya boksi moja, na anayetazamwa na wote ni mimi, si boksi.

Kwa hiyo siku hizi siingii njia nisiyoiona mwisho wake. Nasimama mdomoni, natazama hadi kule upande wa pili. Nikiona paleti, ile chaga ya kubebea maboksi, au kigari cha kupangia bidhaa, nazunguka na kuingia kwa upande ule ambao bidhaa ninayoitaka iko kabla ya kizuizi. Inaongeza mwendo, ndiyo, na mikono inachoka, lakini ni afadhali kuliko kurudi kinyumenyume urefu wote wa rafu.

Kuhusu wateja wenzangu, nimekaa nikiwatazama muda mrefu na sina kinyongo nao. Wanaoziba njia kwa makusudi ni wachache mno. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mtu anaegesha troli kwenye rafu ya kulia, kisha anavuka kwenda kusoma maandishi ya pakiti kwenye rafu ya kushoto. Yeye upande huu, troli upande ule, na njia nzima imefungwa na mtu mmoja asiyejua. Laiti angesimama upande uleule wa troli yake, na troli ikae sambamba na rafu, nafasi ya kupita ingebaki. Kama kuna jambo moja tu ningeomba wanunuzi wote walishike, ningeomba hilo.

Mwanzoni nilikuwa nasema "samahani" peke yake. Haifai kitu. Ukisema samahani, mtu anashtuka, anajibana kwenye rafu, anakunja tumbo, anakutabasamia, na troli yake inabaki palepale ilipokuwa. Ameutoa mwili wake njiani kwa moyo mweupe kabisa, lakini mwili wake haukuwa ndio unaonizuia. Sasa nataja kitu chenyewe, tena nikiwa bado mbali kidogo ili asijione amevamiwa: "Samahani dada, naomba uivutie troli upande wako nipite." "Kaka, shikamana na rafu hiyo hiyo, nakuja na kiti." Nikimkuta mtu mzima, namwamkia kwanza, halafu naomba. Tangu nianze kusema hivyo, nafasi hupatikana upesi na hakuna anayebaki na aibu.

Kuna wema mwingine ambao unaumiza, na wanaoufanya hawajui. Mtu anakuja nyuma yangu, anashika vishikio vya kiti, ananisukuma bila neno. Vidole vyangu viko kwenye pete za magurudumu wakati huo, na gurudumu likizungushwa ghafla vinaweza kubanwa kwenye breki. Zaidi ya hayo, mimi ndiye ninayejua ninakokwenda. Niliamua kubadilisha vile vishikio, nikaweka vinavyokunjwa, na nikiwa dukani navikunja. Tatizo hilo lilipungua sana. Enzi za magongo lilikuwa tofauti kidogo: mtu akiniona napita pa kubanana, ananikamata mkono ili anisaidie. Mkono huo ndio niliokuwa nimeuegemea. Ukimshika mtu wa magongo mkono, umemwondolea mguu. Uliza kwanza, "Nikusaidieje?", kisha ngoja jibu. Na jibu likiwa "hapana, asante", lipokee hivyo hivyo.

Kwa wenye magongo, fimbo au kile kifaa cha kutembelea cha miguu minne, hatari iko hata kwenye vitu vidogo ambavyo kiti kinaweza kuvipita. Kipande cha nailoni kilichovuliwa kwenye maboksi, kamba ya plastiki ya kufungia mizigo, kadibodi iliyolala chini, tone la maji karibu na majokofu. Mpira wa chini ya gongo ukikanyaga nailoni kwenye sakafu iliyong'arishwa, unateleza kabla hujapata hata nafasi ya kushtuka. Nilijifunza kutazama sakafu hatua mbili mbele, na kuangalia mpira wenyewe kila mara, kwani ukiisha meno haushiki tena. Unauzwa peke yake na kuubadilisha ni jambo la dakika chache.

Kubeba bidhaa nako kulinichukua muda hadi nikapata njia yake. Huwezi kusukuma kiti na troli kwa wakati mmoja. Kuning'iniza mfuko mzito mgongoni mwa kiti ni hatari, maana uzito ukiwa nyuma kiti kinaweza kupinduka chali, hasa ukipanda mteremko wa mlangoni. Mimi naweka mapajani kipande cha mpira kisichoteleza, juu yake kikapu kisicho kirefu, na kamba laini inayokizunguka hadi kiunoni. Vitu vizito vinakaa karibu na tumbo. Nikihitaji vingi, naomba mhudumu tufuatane.

Sasa nije kwa wenye duka, kwa sababu hapo ndipo nilipotumia nguvu nyingi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumuuliza mpangaji wa bidhaa, kwa upole tu, mizigo inaingia saa ngapi. Hawa ndio wanaojua duka kuliko mtu yeyote. Aliniambia saa ambazo paleti zinashushwa na saa ambazo njia zinakuwa zimeshasafishwa. Nilianza kwenda kwa saa hizo, na manunuzi yakawa mepesi ghafla. Ushauri huu naupa kila mtu. Hata hivyo siukubali kama ndio mwisho wa jambo. Mteja mwingine anaingia dukani akitoka kazini, akikumbuka kitu, akipata wageni. Kwa nini mimi nipangiwe ratiba na maboksi?

Nikaanza kupiga picha. Sikumpiga mtu picha. Nilipiga vizuizi tu, futi ya utepe ikiwa imelala sakafuni kati ya kizuizi na rafu ili namba isomeke. Keshia niliyemweleza mwanzo alinihurumia, lakini hana amri juu ya stendi za ofa. Ilibidi nimtafute meneja, na nilichagua asubuhi ya siku isiyo na wateja wengi, kwa sababu meneja mwenye foleni ndefu kichwani hasikii chochote.

Alinipokea vizuri. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba wateja wa aina yangu ni wachache. Nilishalitarajia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani, yaani mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu mkubwa. Tukiwa hatuonekani dukani, huenda ni kwa kuwa hatupiti. Nikamkumbusha pia kwamba troli zenyewe hazikuwepo tangu zamani: Sylvan Goldman alizianzisha kwenye maduka yake huko Oklahoma City mwaka 1937, ili mteja asichoshwe na kikapu mkononi. Maduka yaliona faida yake, yakaiachia nafasi. Kiti changu na troli kubwa havipishani sana kwa upana. Anachonipimia mimi amekwisha kumpimia mwenye troli, mwenye mtoto kwenye kigari, na mzee anayetembea na fimbo.

Lakini kilichomgusa hasa, na hili nalisema wazi ili wengine walitumie, ni moto. Nilimwekea picha ya paleti mbili zilizokaa kwenye njia moja, nikamuuliza: umeme ukikatika na moshi ukajaa, watu wote walio ndani wanatokea wapi? Njia kati ya rafu ni njia za kutokea. Alinyamaza, akaichukua simu yangu, akazitazama picha tena moja baada ya nyingine. Kisha akaita msimamizi wa zamu.

Walichokubaliana kilikuwa cha kawaida kabisa na hakikugharimu fedha. Stendi zote za ofa ziliondolewa kwenye kona, zikaegemezwa ukutani. Paleti moja tu ingeruhusiwa kwenye njia kwa wakati mmoja, ikae upande mmoja, na aliyeileta asiiache peke yake. Vikapu visirundikwe sakafuni karibu na kaunta. Kila mwenye zamu apite njia zote akiwa na troli tupu. Penye kukwama troli, pasafishwe. Hilo la troli tupu lilikuwa wazo la msimamizi mwenyewe, na naliona bora kuliko yote niliyoyapeleka.

Haikudumu kama nilivyotaka. Msimu wa mauzo makubwa ulipofika, stendi zilirudi, na msimamizi yule alikuwa amehamishwa. Safari hiyo niliandika barua kwa makao makuu ya kampuni, nikaambatisha picha, nikataja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006. Kifungu chake cha 9 hakisemi juu ya majengo ya serikali peke yake. Kinazitaka nchi zihakikishe kuwa hata watoa huduma binafsi waliofungua milango kwa umma wanazingatia ufikikaji, yaani watu wenye ulemavu waweze kuingia, kupita na kuhudumiwa. Wenye biashara wengi hudhani jambo hili ni hisani yao. Barua ilijibiwa, stendi zikaondolewa tena, na safari hii agizo lilikuja kwa maandishi kutoka juu, kwa hiyo halihami na mtu.

Ukiamua kufanya hivi, weka nakala ya kila kitu, andika tarehe na saa chini ya kila picha, na mshukuru kwa maandishi yule aliyekusaidia ili jina lake lisomwe na wakubwa wake. Mpangaji wa bidhaa aliyenipa saa za mizigo nilimtaja kwa sifa kwenye barua ileile ya malalamiko.

Ninachofuatilia sasa ni kaunta pana. Ipo, ina alama ya kiti cha magurudumu juu yake, lakini muda mwingi imefungwa kwa mnyororo na nyuma yake wamehifadhi troli mbovu. Keshia wa kaunta ya jirani hunyanyuka akanifungulia nikiomba, na foleni yake yote inasubiri. Nimeshapima upana, picha ninazo, na meneja mpya amenipa miadi.