Tulivyomrusha binti yetu P1 bila kumweka darasa moja na kaka yake

Wazo alilileta mwenye shule. Mwisho wa mwaka 2023, binti yangu akiwa anamaliza Top, darasa la mwisho la chekechea, aliniita ofisini akaniambia, "Mama, huyu mtoto P1 atakuwa analala tu. Mwakani tumpeleke P3." Alikuwa na miaka mitano. Hapa Uganda P ni darasa la msingi, na P3, yaani la tatu, ndilo darasa alilokuwa anaingia kaka yake.

Kwamba mtoto anaweza, sikubishana naye. Hapa Busia, mpakani na Kenya, nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi yake anamsemesha Kisamia, na shuleni ni Kiingereza tangu Baby, darasa la kwanza la chekechea. Akiwa Middle, la pili, alishaanza kusoma vipande vya Taifa Leo ambavyo mandazi hufungiwa yakitoka upande wa Kenya, na mimi nilidhani anabahatisha picha mpaka aliposoma tangazo la kifo lisilo na picha. Hesabu alizipata kwenye meza yangu ya viatu vya mitumba, kwa kurudisha chenji. Homuwaki ya kaka yake aliisoma kitabu kikiwa kimemgeukia kaka, yeye akiwa amekaa ng'ambo ya meza.

Lakini madarasa mawili kwa mkupuo, na kaka yake amkute kwenye dawati la jirani? Nilimwambia mwenye shule anipe muda niongee na baba watoto.

Shangazi yao ni mwalimu Tororo. Ndiye aliyenitafutia kwenye simu mambo yaliyoandikwa kuhusu kurusha watoto darasa, na mengi yalitoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Kwa jumla, watoto wenye uwezo mkubwa wanaorushwa kwa uangalifu hufanya vizuri darasani, na ile hofu yetu kwamba watakosa marafiki au kuharibika tabia haikuonekana kuwa na msingi mkubwa. Hilo lilinituliza. Ila kilichonisaidia zaidi ni kipimo walichokitengeneza huko cha kuamua nani arushwe. Hakiangalii akili peke yake. Kinauliza mtoto amefika wapi kimasomo, mwili wake na mkono wake vikoje, anaelewanaje na wenzake, walimu wanaompokea wanataka au hawataki. Na kuna mambo machache ambayo kila moja linatosha kusimamisha shughuli nzima. Mojawapo ni mtoto mwenyewe kukataa. Jingine ni kama atawekwa darasa moja na ndugu yake.

Nilisoma hilo la ndugu nikaona nimepata pa kusimamia. P3 ikafutika. Ikabaki P2, yaani kuruka P1 tu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Niliomba shule impe mitihani ya P1 ya mwisho wa muhula wa tatu, ile ile waliyofanya wengine, kwa muda ule ule. Naisisitiza hii kwa mzazi yeyote anayenisoma: usikubali mtoto arushwe kwa sababu "anaonekana mjanja", na usimpime kwa maswali ya mdomo. Kusoma na hesabu alifanya vizuri sana, isipokuwa maswali ya seti ambayo hakuwahi kufundishwa. Kilichoanguka ni kuandika. Karatasi ya Literasi aliiacha katikati. Majibu aliyajua, lakini mkono wa mtoto wa miaka mitano unakwenda polepole, herufi zake kubwa kama mayai, na nafasi ya jibu inamalizika kabla neno halijaisha.

Basi likizo ya Desemba na Januari hatukumfundisha jambo jipya hata moja. Tuliushughulikia mkono. Kumenya karanga, kubana vibanio vya nguo, kukata karatasi kwa mkasi, kisha kuandika mistari michache kwa siku kwenye daftari lenye mistari miwili. Seti tulizimaliza kwa vizibo vya soda. Baba yake alitaka aanze vitabu vya P2 kabisa ili "awafunike" wenzake; nilimwomba aache, kwa sababu kama angefika P2 akiwa ameshaimaliza P2, tungekuwa tumemtoa kwenye uvivu wa P1 na kumtia kwenye uvivu mwingine.

Kaka yake nilizungumza naye kabla ya mtu mwingine yeyote, wakati tunarudi kutoka msikitini. Aliniuliza swali moja: "Atanipita?" Nikamwambia hapana, na kwamba walishaniomba awekwe darasa lake nikakataa. Akanyamaza hatua kadhaa, halafu akaanza kunieleza Madamu wa P2 anapenda nini na anachukia nini, ili nikamwambie mdogo wake. Yeye si mtoto wa kushika namba za juu. Anachora malori ya mpakani mpaka ukiangalia unajua hili ni la mafuta, lile ni la kontena, na mtu mzima hawezi. Ningekubali ile P3, kila ripoti ingekuja nyumbani ikiwa na majina yao mawili kwenye orodha moja, na wageni wangesoma kwa sauti. Sidhani kuna maksi za mtoto mmoja zinazostahili kununuliwa kwa bei hiyo ya mwingine.

Binti mwenyewe alitaka. Tulimuuliza zaidi ya mara moja, tena siku tofauti, na mara moja aliulizwa na bibi yake kwa Kisamia mimi nikiwa sipo, maana mtoto humjibu mama anachodhani mama anataka kusikia.

Shule ilifungua Februari 2024. Tuliandikiana karatasi na shule, nakala moja kwangu. Muhula wa kwanza ni wa majaribio. Akishindwa anarudi P1 bila maneno, na sisi ndio tutakaomweleza. Aketi mbele. Kunakili ubaoni, Madamu amruhusu aandike nusu mpaka mkono uzoee. Saa ya mapumziko awe huru kucheza na wenzake wa P1. Na asisimamishwe kwenye paredi kuonyeshwa watu. Mwenye shule hakuipenda hiyo ya mwisho, nadhani alikuwa anataka kumtumia kuvuta wazazi wengine, lakini alisaini.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maandishi ya Marekani hayalijui. Shule zetu zilifungwa kwa korona tangu Machi 2020 hadi Januari 2022 zilipofunguliwa zote, na watoto wengi walichelewa kuanza. Kwa hiyo P2 aliyoingia haikuwa ya watoto wa miaka saba tu. Walikuwepo wa minane, wa tisa. Kwenye karatasi pengo lilikuwa mwaka mmoja, uwanjani lilikuwa kubwa kuliko hapo. Tulimwonyesha Madamu hilo mapema, akamuunganisha na wasichana wawili wadogo wadogo wa darasa lile, na mpaka leo hao ndio marafiki zake.

Wiki za mwanzo alirudi amechoka, analala kabla ya chakula. Ilipotoka ripoti ya muhula, yule aliyekuwa wa kwanza Top alikuwa katikati ya darasa. Baba yake hakula vizuri siku hiyo. Mimi nilifurahi, na ninalisema kwa moyo wangu wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekutana na jambo asilolijua, akainua mkono kuuliza. Mtoto anayepata kila kitu bila kujaribu hajifunzi kujaribu, na kwetu PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, haimsubiri mtu ajifunze hilo akiwa P7, darasa la mwisho. Muhula wa pili kuandika nusu kukaondolewa, mwenyewe aliomba.

Kwa wazazi ambao watoto wao wako shule za serikali za vijijini, angalieni P4. Mtaala wa huko unafundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya nyumbani, na P4 ndipo Kiingereza kinapochukua nafasi na masomo yanatengana. Mtoto anayeruka P3 au P4 anaweza kuwa na akili nyingi mno na bado akazama, kwa sababu daraja lenyewe ndilo mlilomrusha. Ukiweza, ruka mapema, P1 au P2. Kama umri huo umepita, omba aende darasa la juu kwa somo moja tu, mathalani hesabu, arudi kwa mengine. Mwalimu mwenye moyo anaweza kupanga ratiba hiyo bila gharama.

Sasa yuko P4, kaka yake yuko P5, na mwenye shule ameshaniletea tena wazo la kuruka. Nimelikataa, na sababu ni ile ile: angemfikia kaka yake. Badala yake Madamu wa hesabu anampa maswali magumu ya sura hiyo hiyo, na jioni anasoma chochote anachotaka. Mwaka 2029, Mungu akipenda, atafanya PLE akiwa na miaka kumi na mmoja. Hapo kuna shida moja ambayo tumeanza kuishughulikia tangu sasa. Sekondari nyingi nzuri ni za bweni, na simpeleki bwenini mtoto wa umri huo kulala na wasichana wa kumi na minne. Shangazi yake amekubali kumpokea Tororo, asome shule ya kutwa S1 na S2, na kila mwezi tunamtumia kitu kidogo cha karo tangu sasa, aweke.