Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya wachambuzi, baada ya Bunge la Kenya kuvamiwa

Saa 10 na robo alfajiri

Gari la ofisi limepiga honi mara mbili getini, nikatoka na chupa ya chai mkononi. Ninatengeneza kipindi cha asubuhi cha redio moja hapa Dar es Salaam. Natafuta wageni, naandika dondoo za mtangazaji na kuhakiki takwimu. Kipindi kikianza, nakaa nyuma ya kioo na kipaza sauti kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye sikio la mtangazaji.

Leo ni Jumatano, tarehe 26 Juni 2024, na mada imejipanga yenyewe. Jana mchana wabunge wa Kenya walipitisha Muswada wa Fedha, ule wenye kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda si mrefu vijana waliokuwa wakiupinga wakavunja uzio wakaingia bungeni, sehemu ya jengo ikashika moto, polisi wakafyatua risasi za moto. Usiku Rais William Ruto alilihutubia taifa akayaita matukio hayo ya kihaini, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi.

Njiani nimesoma ujumbe wa wageni waliothibitisha kuja. Wanne. Kwa kawaida tunabembeleza watu waje saa moja asubuhi, lakini leo watu wanaomba wenyewe.

Saa 11

Kabla ya lolote natafuta idadi ya waliokufa. Taarifa ya pamoja ya mashirika ya haki na vyama vya wanataaluma ya jana jioni ilisema watu wasiopungua watano wameuawa kwa risasi. Nimeiandika kwenye dondoo na saa iliyotolewa, maana najua haitadumu. Chini yake nimeandika pia habari ya kijana wa miaka 29 aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 20, siku tano kabla ya bunge kuvamiwa. Mtu akija kusema hewani kwamba damu ilianza kumwagika vijana walipoingia bungeni, mtangazaji awe na jibu mkononi.

Halafu muswada wenyewe. Tangu wiki iliyopita nimeuchambua kifungu kwa kifungu. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 kwenye mkate. Kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kula. Tozo ya mazingira iliyoelekea kugusa hadi taulo za kike na nepi. Serikali ilitaka kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 346 za Kenya. Tarehe 18, maandamano yalipoanza, ikatangazwa kwamba kodi ya mkate, ya magari na ya mafuta ya kula zimeondolewa. Vijana wakasema hawataki kupunguziwa, wanataka muswada wote utupwe.

Saa 12 kasoro

Magazeti yamefika. Hapa kwetu kuna habari nyingine kubwa: tangu Jumatatu maduka ya Kariakoo yamefungwa. Wafanyabiashara wamegoma wakilalamikia wingi wa kodi na kamatakamata, na mgomo umefika miji mingine, Mwanza na Mbeya ikiwemo. Tarehe 13 Juni bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda zote zilisomwa siku moja. Ukizitazama habari hizi mbili pamoja, ya Kenya na ya Kariakoo, unaona kabisa wageni wangu watakachotaka kusema.

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, tunamwita Mwalimu sote. Nimempa shikamoo, nimemwekea maji ya moto, nimemwomba aanze na kilichotokea Kenya. Dakika ya pili alikuwa ameshafika Tanzania. Kwamba sisi tumelelewa tofauti, kwamba tuna amani, kwamba kijana wetu hawezi kuvamia bunge. Mgeni wa pili, wakili kijana, akamjibu kwa ukali kwamba tatizo ndilo hilo, Watanzania tumelala, Wakenya ndio wanaume. Simu zikaanza kuwaka. Kwa robo saa nzima hakuna aliyemtaja Mkenya hata mmoja, wala kifungu kimoja cha muswada.

Hilo ndilo linaloniumiza katika kazi hii. Jirani akiwaka, tunamkimbilia kwa maneno, lakini maneno yote ni yetu sisi kwa sisi. Anayeiogopa serikali anaitumia Kenya kuonya, anayeichukia anaitumia kuchochea. Aliyelala mochwari Nairobi anabaki mfano tu kwenye hoja ya mtu wa Dar es Salaam.

Mwalimu aliposema vijana wanaandamana kwa sababu ya mkate, nikabonyeza kitufe: "Mkate uliondolewa tarehe 18. Muulize kwa nini waliendelea." Mtangazaji akauliza. Mwalimu akanyamaza, akavua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema jambo bora kuliko yote yaliyosemwa asubuhi hiyo: kama waliendelea baada ya mkate kuondolewa, basi hawaandamani kwa kodi peke yake, hawaamini tena neno la wanaowatoza. Mwaka jana, akasema, Sheria ya Fedha iliongeza VAT ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Watu wakapiga kelele, wengine wakafa, na sheria ikabaki. "Mtoto ukimpuuza mara ya kwanza," akasema, "mara ya pili haji kuomba."

Mgeni wa tatu alishikilia swali moja: nani yuko nyuma yao? Safari hii hata Raila Odinga, kinara wa upinzani, hakuwa mbele yao. Vijana wenyewe wamesema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Waliufafanua muswada kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza video fupi TikTok, wakasambaza namba za simu za wabunge wao ili kila mpiga kura amuulize wake. Mgeni wetu aliyasikia yote haya na bado akasema lazima kuna mkono wa nje. Namwelewa. Kizazi chake kilizoea kuona kila maandamano Kenya yakiwa na jina la mwanasiasa mbele. Lakini kumwambia msichana wa miaka 22 aliyesoma kifungu cha taulo za kike kwamba ametumwa ni kumnyang'anya akili yake, na nilimwomba mtangazaji aliseme hilo kama lilivyo. Alilisema.

Baadaye akaingia mama mmoja kwa simu kutoka Muheza, anauza machungwa kwa wanunuzi wa Kenya. Hakuja na nadharia. Alisema lori lililokuwa lije Jumatano haliji, mnunuzi wake wa Nairobi hapokei simu tangu jana, na anamuombea awe mzima. "Biashara itarudi, mwanangu. Mimi nataka asikike tu." Wageni wote wanne walitulia. Nilimwacha aongee mpaka akamaliza mwenyewe, tangazo la biashara likasubiri.

Karibu na mwisho, kwa simu, nikamweka mchumi Mkenya aliyeko Nairobi. Sauti yake ilikuwa imekauka, amelala saa mbili tu. Alieleza kwa utulivu: deni la Kenya limepita shilingi trilioni 10, riba inameza sehemu kubwa ya mapato, na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, linataka pengo la bajeti lipunguzwe. Serikali ikachagua kulijaza kutoka kwenye mifuko ya wananchi huku wakiona viongozi wakiishi kifahari. Nilijuta kwamba alibakiwa na dakika saba tu.

Saa 3 na nusu

Chai na chapati. Chama cha madaktari Kenya kinasema waliokufa ni 13 au zaidi. Nimefuta tano, nimeandika 13. Wakili kijana bado yupo mapokezi, nikamwendea nikamwambia kwa heshima: kaka, unaposema Watanzania tumelala, una habari za Januari 2001? Watu wasiopungua 30 waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano baada ya uchaguzi, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wakenya wakawapokea. Alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Aliandika kwenye simu yake, akaniuliza Shimoni iko wapi hasa. Nikamwonyesha kwenye ramani: kusini ya Mombasa, ng'ambo tu ya Pemba.

Mwalimu alikuwa anasikiliza. Akasema na yeye aliposema tuna amani, alipaswa kuwakumbuka hao. Namheshimu sana mzee yule.

Saa 5

Kikao cha wahariri. Swali ni moja: kesho tuendelee au tupunguze? Wenye wasiwasi wana sababu, kwa sababu Kariakoo imefungwa na mtu anaweza kusikia kwamba tunahamasisha. Nilisema tukipunguza muda, tusipunguze ukweli. Hatari ipo kwenye mabishano matupu yanayomwacha msikilizaji na hasira bila taarifa. Tumekubaliana wageni wawili badala ya wanne, na Mkenya azungumze kwanza.

Saa 7 mchana

Nimeshuka Kariakoo na kinasa sauti. Mitaa ambayo huwezi kupita bila kusukumwa leo unatembea katikati ya barabara. Makufuli yamening'inia mlango hadi mlango, wapagazi wamekaa juu ya mikokoteni yao mitupu. Kijana mmoja muuza nguo za jumla alikaa kwenye kibaraza cha duka lake lililofungwa, anatazama video za Nairobi. Nikamuuliza anaonaje.

"Dada, sisi na wao tatizo letu linafanana, njia tofauti. Sisi tumefunga tu." Akafikiri kidogo. "Lakini jana usiku mke wangu kaniuliza, wale wa Kenya wangefunga nini? Wengi hawana duka, hawana kazi. Ukiwa huna cha kufunga, unabaki na mwili wako."

Sijamsikia mchambuzi yeyote wa redio wala televisheni akilisema hili, na wiki hii nimewasikiliza wengi.

Saa 10 na nusu jioni

Nipo mezani nakata sauti za Kariakoo, mara kelele kutoka chumba cha habari. Ruto yuko hewani. Anasema amewasikia Wakenya, hatausaini muswada, utaondolewa. Ndani ya saa ishirini na nne hotuba imegeuka kabisa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya nayo inasema waliokufa ni 22, wengi wao Nairobi. Nimefuta 13.

Simu yangu haikupumzika. Walewale waliosema asubuhi kwamba vijana wamepotoshwa wanataka kuja kesho kueleza ushindi. Na wengine wanaandika kana kwamba bao limefungwa na wao ndio waliopiga kona. Muswada umeondolewa, ni kweli na ni jambo kubwa, lakini kuna familia zisizopungua 22 ambazo jioni hii zinapanga mazishi. Nimewajibu wote kwa adabu kwamba nafasi zimejaa.

Saa 2 usiku

Yule mama wa Muheza amepiga. Mnunuzi wake amepatikana, simu ilikuwa imezima chaji na alikuwa amejifungia ndani. Nimeshangilia peke yangu ofisini.

Nimempigia mchumi wa Nairobi. Kesho tunaanza naye, dakika ishirini nzima. Maswali nimemtumia: lile pengo la bilioni 346 litajazwaje sasa, kwa kubana matumizi ya nani au kwa mkopo mwingine wa nani? IMF itasema nini? Nani atawajibika kwa risasi? Na vijana, ambao wamesema kesho watarudi barabarani hata baada ya muswada kuondolewa, wanadai nini hasa? Amejibu kwamba la mwisho si lake kulijibu. Ana mwanafunzi wake aliyekuwa barabarani jana, ambaye amekubali kuzungumza kama hatutataja jina lake. Nimemwandikia mtangazaji: huyo ndiye anafungua kipindi, mchumi anafuata.